Barua kwa somo yangu wa Tanga

Bagamoyo, 9 Desemba 2023

Somo,

Asalaam aleykum. Mi mzima, mama mzima ila miguu tu, watoto wazima, na hii mvua ya vuli mwaka huu sijui imetumwa na nani maana njia yetu huku Magomeni imegeuka mto, bodaboda anakushusha nyumba tano kabla ya kwako afu anataka hela ileile. Najua na Tanga inanyesha. Waja leo waondoka leo, we umekwenda toka 2004 hujaondoka mpaka leo, miaka kumi na tisa hiyo somo, nikikuita mtu wa Bagamoyo nadanganya watu.

Voisi zako nimezisikia zote. Sijajibu kwa sababu ninachotaka kukwambia hakikai kwenye voisi, ntaanza kucheka katikati nisahau, kwa hiyo nakuandikia, soma taratibu ukiwa umekaa.

Sasa hivi saa tano usiku. Giza limeingia, boti za dagaa zimetoka tangu magharibi, mi nimebaki bandani nalinda betri. Si unajua kazi yangu siku hizi, ufundi mitambo wa bendi ulishakufa na bendi zenyewe, sasa nachajisha betri za taa za boti, natengeneza mashine na redio za wazee, na kwa mgao huu umeme ukirudi usiku nachomeka zote kwa mpigo afu nakaa naangalia waya kama naangalia nyoka. Ndo nafasi ya kukuandikia.

Yule mzee wetu katoa albamu! Peter Gabriel, yule mwimbaji wa Uingereza, wa kaseti. Usiniambie umesahau, ile kaseti ya So aliyotuachia yule mzungu wa kujitolea pale Chuo cha Sanaa, tukaicheza mpaka redio ikaanza kuitafuna, we unazungusha utepe kwa peni ya biki mi nimeshika tochi. Sasa ametoa mpya, Ijumaa ya juzi tarehe 1, inaitwa i/o, na jana imeshika namba moja Uingereza, mara ya kwanza kwake tangu hiyohiyo So ya mwaka 1986. Miaka 37. Na yeye ana miaka 73.

We kwenye voisi ya Jumatatu umeniambia nini? Muziki ni wa watoto sasa, umri umepita, gitaa nimelitundika. Una miaka 52 somo. Hamsini na mbili!

Haya ngoja nikupe hesabu zake, maana wewe ni mtu wa hesabu. Huyu mzee alitoka bendi yake ya Genesis mwaka 1975, akaanza kutoa zake mwenyewe 1977, na albamu nne za mwanzo zote kaziita jina lake tu, Peter Gabriel, Peter Gabriel, Peter Gabriel, Peter Gabriel, kama mtu kazaa watoto wanne wote akawaita Shabani (angekuwa Bagamoyo tungemuelewa, sisi wenyewe darasa la tano tulikuwa wangapi wa jina letu?). Baada ya hapo akahamia majina ya herufi mbilimbili. So 1986. Us 1992. Up 2002. Afu hii. Sasa toa, miaka sita, miaka kumi, miaka ishirini na moja. Kila akizeeka anazidi kuchelewa, na hana habari. Hapo katikati hakukaa bure, alirekodi nyimbo za watu wengine na okestra, akashika mambo ya haki za binadamu, lakini albamu ya nyimbo zake mpya kabisa ndo watu walikuwa wanasubiri tangu Up, wengine walishakata tamaa. Kuna nyimbo humu zimeanza zamani sana, moja alikuwa anaipiga jukwaani miaka kumi iliyopita haina hata maneno, anaimba sauti tu, na watu wanapiga makofi. Maneno yakaja baadaye. Hiyo ndo Playing for Time, piano na vinanda vya nyuzi, inahusu mtu anavyouona muda wake unamwisha, nikikutumia uisikilize peke yako usiku, usiisikilize na shemeji akiwa anaangalia tamthilia.

Lakini mi kilichonimaliza siyo albamu. Ni alivyoitoa.

Mwaka mzima huu alikuwa anatoa wimbo mmoja kila mwezi ukipevuka. Siyo kila tarehe moja wala kila Ijumaa, anaangalia mwezi wa mbinguni. Wa kwanza umetoka tarehe 6 Januari, wa pili tarehe 5 Februari, hivohivo mpaka wa kumi na mbili tarehe 27 Novemba. Sasa somo we umekulia hapa, nani anajua mwezi mpevu kuliko watu wa dagaa? Mbalamwezi boti zinalala. Mwanga wa mwezi unatapakaa, dagaa hawaifuati taa, mtu akitoka anachoma mafuta bure, kwa hiyo watu wanakaa, wanashona nyavu, wanakopa. Na mi betri sina za kuchaji, sina hela, nina nafasi tu. Yaani huyu mzungu huko kwao, bila kujua, kila siku niliyokuwa sina kazi ananiletea wimbo. Agosti ikawa na mbalamwezi mbili, tarehe 1 na tarehe 31, mwezi mmoja nikafulia mara mbili na nyimbo nikapata mbili.

Mi nilianza kujua Machi, mtoto wa dada ndo aliniambia babu yako wa kaseti anatoa nyimbo. Nikarudi nyuma nikasikiliza ya Januari na ya Februari. Ya Januari haikunikaa sana, ina mambo mengi ya kompyuta na kamera na setelaiti, mdundo mzuri ila kama anatoa hotuba. Ya Machi ikanikamata (ndo hiyo Playing for Time). Kuanzia hapo nikawa nahesabu mwezi kama mwanamke mjamzito.

Wa Aprili ndo wenye jina la albamu. Tarehe 6, katikati ya Ramadhani, mwezi uko juu kama sahani. Usinihukumu, tarawehe nilishaswali na nilikuwa na hedifoni. Nimekaa kule chini karibu na soko la samaki, boti zote zimelala, maji ya bamvua yanakupwa mpaka mbali, wavuvi wanakula urojo na kuzozana mpira. Nikaufungua. Unaanza kawaida tu, sauti yake ile ya kukwaruza, afu kwaya inaingia, Soweto Gospel Choir wale wa Afrika Kusini, somo nilisimama. Nilisimama mwenyewe peke yangu watu wananiangalia, mmoja akaniuliza vipi fundi umeumwa na nge? Mtoto wa dada alinitafsiria baadaye, kumbe wimbo wenyewe unasema vitu vinaingia na kutoka, kwamba mtu hajasimama peke yake, ni sehemu ya kila kitu. Na jina i/o ni kile kilichoandikwa nyuma ya ampulifaya, tundu la kuingiza na tundu la kutolea, nimechomeka waya kwenye hayo matundu miaka thelathini sijawahi kufikiria ni wimbo. Na mbele yangu maji yanakupwa, baada ya masaa sita yanajaa. Haya basi.

Sasa kuna jambo tutabishana, na nataka tubishane.

Kila wimbo umetoka angalau mara mbili. Ametafuta mafundi mitambo wawili, Mark Stent na Tchad Blake, kila mmoja kapewa nyimbo zilezile kumi na mbili achanganye anavyoona yeye. Ya Stent inaitwa upande wa mwanga, ya Blake upande wa giza. Na ndani ya mwaka, toleo moja linatoka mwezi mpevu, lile jingine mwezi mwandamo, giza totoro. Yeye mwenyewe anasema Stent ni kama mchoraji na Blake ni kama mchongaji. Mi nimesikiliza kama fundi. Ya Stent kila kitu kimefuliwa kikapigwa pasi, sauti iko mbele, kibodi iko mahali pake, unaweza kunyoosha kidole hii besi hii gitaa. Ya Blake imekaa chini, drams zina vumbi, vitu vingine anavificha unavigundua mara ya tatu. Mi ni wa mchongaji. Ndo maana hata sisi bendi yetu nilikuwa nakupunguzia trebo, ile sauti kali ya juu, ukawa unanuna.

Lakini swali langu, kwa nini mbili? Miaka ishirini na moja mzee umekaa na hizi nyimbo, mwisho wa siku umeshindwa kuchagua ipi ndo wimbo? Mi fundi nikimpa mteja redio mbili nikamwambia chagua mwenyewe ipi imepona, atanilipa? Naona hapo alikuwa anaogopa kumaliza. Unaweza kuniambia siyo hivo, nakungoja. Ila cha kuchekesha ni kwamba miezi ambayo upande wa giza ulitoka siku za giza, mi giza niko kazini, betri thelathini zinanisubiri, simu imezimika chaji. Kwa hiyo toleo ninalolipenda ndo nililokuwa nalikosa miezi hiyo, nalipata mbalamwezi inayofuata likiwa limeshachacha.

Na jambo la pili, albamu yenyewe ilivyotoka mi nikawa kama mtu aliyealikwa harusi na pilau ameshaionja jikoni mara kumi na mbili. Hakuna wimbo hata mmoja mpya. Nikasikitika kidogo, Ijumaa baada ya swala nimekaa nayo yote saa moja na zaidi, nikategemea nitachoka. Sikuchoka. Kuna ule wa mama yake, And Still, kama mwimbaji kakaa kwenye chumba ambacho mama ameshaondoka, ule mwezi wa kumi niliusikiliza nikapita, safari hii ulivyofika nilikuwa nasikia mama yangu mi anakohoa chumba cha pili na nikazima. Nikaendelea baada ya isha. Wa mwisho unahusu kusamehe, yeye anasema waliomfundisha hilo ni kina Mandela na Desmond Tutu.

Kilichonigusa zaidi, waliopiga. Watu walewale! Besi ni Tony Levin, yuko naye tangu albamu ya kwanza ya 1977. Gitaa David Rhodes. Drams Manu Katché, ndo yule yule wa kwenye kaseti yetu. Kwaya ya nyuma yumo binti yake. Na wamerekodia kwake, Real World, ni kinu cha zamani cha kusagia kinachoendeshwa na maji, kijijini kunaitwa Box, Uingereza huko, kakigeuza studio. Hana haraka, nyumba yake, mto wake, rafiki zake. Ndo nikasema ah.

Maana na we unajua hilo jina Real World tumelijulia wapi. Siyo kwake, ni kwa mzee Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo. Kanda za Hukwe Zawose zilivyotoka kule zina hiyo nembo, maana ndo jina la lebo ya Gabriel pia, sisi tunashangaa, mtu tunayemsikiliza pale chuoni kwenye tamasha na ilimba yake kubwa ile ya kupiga kwa vidole gumba, yenye utando wa buibui unaofanya sauti iwe inalia kama nyuki, huyohuyo yuko kwenye sidii zinauzwa Ulaya. Albamu yake ya Chibite ilitoka kwao 1996. Na mwaka 2002, Gabriel alivyokuwa Marekani na ziara ya ile Up, mzee Zawose na Charles Zawose wa ukoo wake ndo walikuwa wanafungua shoo. Mgogo wa Bagamoyo, wanaukumbi maelfu wamekuja kusikia roki, anawaanzishia na ilimba. We ulisema ule mwaka, nakumbuka tulikuwa tumekaa Ngome Kongwe, ukasema somo kumbe huhitaji kuondoka Bagamoyo ili ufike. Afu mwaka mmoja na nusu baadaye ukaondoka Bagamoyo, haya.

Mzee alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Mwezi huu anatimiza miaka ishirini. Na mzungu wake ndo mwaka huu kamaliza albamu aliyoanza kuifikiria mzee akiwa hai. Mi nimekaa na hilo wiki nzima.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Usikunje uso.

Nimezipata kaseti.

Siyo zile za studio, zile zilishakufa, yule prodyuza wa Dar tuliyempa laki mbili akatuambia kompyuta imekula kila kitu, hiyo hasira nilishaimeza. Nazungumzia zile za mazoezi, tulizorekodi nyumbani kwenu Mwanakalenge na ile redio kaseti ya kaka yako tumeiweka juu ya pipa. Zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha mama, nilikuwa natafuta hati ya kiwanja. Mbili. Moja upande wa pili umeliwa na ukungu, haisikiki, lakini nyimbo nne zipo zimekamilika. Nimezisafisha vichwa vya redio kwa spiriti, nimezihamishia kwenye fleshi, nimesikiliza mara sitaki kukwambia ngapi.

Somo wewe ulikuwa unapiga. Nilikuwa nimesahau. Pale kwenye wa tatu, ule wa Kaole, unaingia na solo jogoo wa kwenu anawika, badala ya kuacha unamjibu kwa gitaa, unasikika kabisa unacheka huku unapiga, afu muadhini anaanza na mtu anasema zima zima na kaseti inakata. Marehemu yumo kwenye besi, Mungu amrehemu, yuko imara kama ukuta, na ndo tulikuwa tunamlalamikia kila siku kwamba anachelewa. Alikuwa hachelewi. Ni sisi tulikuwa tunakimbia.

Kwa hiyo nimepanga hivi na sikuombi ushauri. Mbalamwezi ijayo ni tarehe 27 Desemba, Jumatano. Boti zitalala, mi sitakuwa na betri, banda lote letu. Mtoto wa dada ana kompyuta na maiki mbili nzuri, anarekodi kaswida za vijana wa madrasa, kazi yake safi nimeisikiliza. Nimeshazungumza na kijana mmoja wa pale chuoni anapiga besi, anamfuata marehemu kwenye kaseti noti kwa noti nimempa wiki mbili. Tunarekodi wimbo mmoja. Mmoja tu, huo wa Kaole. Mbalamwezi ya Januari unarudi tunafanya wa pili, hivohivo, nyimbo nne miezi minne, tukifika Aprili tumemaliza na hakuna aliyekimbizwa. Miksi itakuwa moja! Nitachonga mimi, na trebo ntakupunguzia.

Kama vidole vimekaza anza leo, dakika kumi asubuhi dakika kumi usiku, mwambie shemeji mi ndo nimekutuma. Na usianze habari ya sauti imezeeka, mi ndo naitaka hiyo ya sasa, ile ya kijana ninayo kwenye fleshi.

Basi la Tanga ushuke Msata, usifike Dar upoteze siku, pale utapata gari la Bagamoyo, lami mwanzo mwisho. Njoo na machungwa ya Muheza gunia dogo mama anayaulizia tangu mfungo. Na ukae mpaka tarehe 30, jioni tutapita kwa kina Zawose kutoa pole ya miaka ishirini, halafu ndo urudi zako.

Nyuzi nimeshanunua seti mbili, maana najua ile ya tatu ya kwako ilikatika na hujaiweka nyingine.

Ngoja niishie hapa, betri ya kona inachemka, nasikia harufu.

Wasalaam,
Somo yako